Tofali Nililolipakata Kutoka Ziwani

Nilitumwa Kendu Bay kutazama ukuta. Ndivyo Baba alivyowajibu majirani walioniona nikitoka na mfuko wa nguo, na wakacheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania.

Sisi watu wa Kegonga tumeahidiwa jumba la umma: ofisi za wadi, chumba cha kusomea na ukumbi wa mikutano, vyote chini ya paa moja. Watu wa ujenzi walikuja wakatuambia kiwanja kipo na mchoro upo, ila wananchi wachague kuta. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni matofali ya kuchoma, kama tulivyozoea. Ya pili ni matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila moto wowote. Kamati ya jumba ikagawanyika. Wengine walisema udongo usiochomwa ni nyumba ya mbuzi.

Baba yangu, Marwa, ndiye mchoma matofali wa Kegonga. Nyumba nyingi za sokoni zimetoka mikononi mwake, na tangu nimalize darasa la nane nimefanya kazi naye. Habari za jumba zilipofika tu, alianza kufyatua. Matofali mabichi yalipangwa nyuma ya nyumba yetu, yakafunikwa nyasi, yakawa yanangoja moto. Kilichokosekana ni kuni. Vilima vyetu vimenyolewa na miaka mingi ya kukausha tumbaku, na miti ya maana iliyobaki karibu ni ile inayozunguka chemchemi, tuliyoipanda tukiwa shule. Mti wangu uko upande wa juu, karibu na jiwe tunaloanikia nguo. Kama wananchi wangechagua matofali ya kuchoma, miti hiyo ingekatwa. Kama wangechagua yale mengine, kazi kubwa kuliko zote ambazo Baba amewahi kupata ingepita mbele ya mlango wake ikaenda kwa mwingine.

Mama mmoja wa ziwani, Min Akinyi, huleta omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni kwetu na kurudi kwao na mahindi. Magunia yake huyalaza nyumbani kwetu. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba karibu na kwao, kando kidogo ya Kendu Bay, jumba la namna hiyo limekwisha jengwa na watu wanalitumia. Kamati ilimwomba Baba aende akalione. Akakataa.

“Nilizaliwa ndani ya nyumba ya udongo,” alisema. “Niende kutazama nini?”

Basi Mama Bhoke, mwenyekiti wa kamati, akanigeukia mimi. “Robi ataenda. Huyu haongei, lakini macho anayo. Ukirudi utatuambia ulichokiona, mbele ya watu wote.”

Kwenda sikuogopa. Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyoniharibia chakula.

Asubuhi ya kuondoka, Baba alinisindikiza hadi barabarani. Hakunipa maneno mengi. “Ukifika, ukwaruze ukuta kwa ukucha. Ukimenyeka, geuka urudi. Usiingie hata ndani.”

Hadi Kehancha njia ninaijua, kwa hiyo nililala. Baada ya hapo nilikaa macho. Migori tulifika jua likiwa limepanda, na nikawa na muda wa kungoja gari la Homa Bay. Nilijiambia kwamba kama nimetumwa kutazama ukuta, si vibaya nianze na kuta za hapo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo refu la ofisi, upande mzima ni vioo vitupu, vinang'aa kama kijiko kipya. Nilipotazama zaidi niliona kwamba waliomo ndani wamebandika makaratasi ya maboksi kwenye vioo vile, dirisha hadi dirisha, kuzuia jua. Nyuma ya maboksi taa zilikuwa zinawaka mchana. Mashine za kupoza hewa zilining'inia nje zikidondosha maji, na bawabu alikuwa ameweka ndoo chini ya mojawapo.

“Ya kuoshea miguu,” aliniambia aliponiona nikikodolea ndoo. “Angalau kuna kitu kinatoka hapo juu kitufikie sisi.”

Baada ya Awendo hewa ilinuka miwa iliyokatwa. Rongo tuliacha barabara kuu, tukapita Rodi Kopany, na nchi ikaanza kuteremka na kupata joto. Nilivua sweta. Mahali fulani kabla ya mji wa Homa Bay niliona kitu kikubwa cheupe kimelala chini upande wa kushoto, na kwa muda nilidhani ni paa la mabati mapya. Nilianza hata kujiuliza ni jengo gani linalohitaji paa la ukubwa ule. Ndipo nikaona mashua juu yake. Sikumwambia mtu yeyote ndani ya gari.

Jioni nilishuka kando ya Kendu Bay. Min Akinyi alikuwa amesimama stendi na leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na aliniita kabla sijaweka mguu chini.

“Nyar Kuria! Binti ya watu wa milima! Kumbe hawajakula wewe njiani. Baba yako iko mzima?”

“Mzima, Mama. Anakusalimu.”

“Anasalimu mimi ama anasalimu omena yangu? Lete hiyo mfuko.”

Nyumbani kwake nilipewa ugali na omena wa kukaanga na nyanya. Nilikuwa nimezoea kuwatoa vichwa, kwa hiyo nikaanza kuvipanga pembeni mwa sahani, kimoja kimoja. Min Akinyi alitazama kwa muda, kisha akamwita bintiye aje aone.

“Nyinyi watu wa huko mnakula samaki kama watu wanaomba msamaha,” alisema. “Hiyo kichwa imekukosea nini?”

Nikavila vyote. Vina uchungu kidogo, lakini ni vizuri.

Kesho yake asubuhi tulienda kwenye jumba. Liko kwenye kiinuko kidogo kinachotazama ziwa, mwendo mfupi kutoka ufuoni. Rangi yake ni ile ile ya ardhi iliyo chini yake, kwa hiyo ukilitazama kutoka mbali unaona kwanza paa. Paa limejitokeza mbali sana mbele ya kuta, na kivuli chake kinaufunika ukuta wote na baraza ya kukalia. Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye baraza hiyo wakisubiri ofisi zifunguliwe. Niliwasalimu, nikasubiri waangalie pengine, kisha nikaweka ukucha wangu ukutani nikakwaruza.

“We sista!” sauti ilitoka nyuma yangu. “Unachuna ofisi ya serikali?”

Alikuwa msimamizi wa jumba, kijana aitwaye Odhiambo, na funguo mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Min Akinyi alicheka hadi akashika kiuno, kisha akamweleza kwa Kijaluo mimi ni nani na nimetumwa na nani. Odhiambo akausogelea ukuta.

“Haya, mwambie mzee. Imemenyeka?”

Nilitazama ukucha. Palikuwa na vumbi kidogo tu, kama la chaki. Ukuta haukuwa na alama.

“Haujamenyeka,” nilisema.

“Basi karibu ndani. Mzee ametoa ruhusa.”

Ndani nilihisi baridi ya kupendeza, ingawa nje jua lilikuwa limeanza kuuma. Hapakuwa na taa iliyowashwa wala mashine ya kupoza hewa. Juu kabisa ya kuta, chini ya paa, matofali yamepangwa kwa kuachana, tofali na nafasi, tofali na nafasi, na upepo wa ziwa unaingia hapo ukipita juu ya vichwa vya watu na kutokea upande wa pili pamoja na joto. Mwanga nao unaingia hapo hapo bila jua lenyewe. Katika chumba cha kusomea kulikuwa na wanafunzi wachache na mama mmoja aliyekuwa akijaza karatasi za cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyelala mgongoni mwake. Maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye paa hadi kwenye matangi mawili makubwa. Sola iliyo juu ni ndogo, kwa sababu kazi yake ni taa za jioni na kompyuta za ofisini tu.

Odhiambo alinionyesha haya yote akitembea kinyumenyume mbele yangu, kama mtu anayeonyesha nyumba ya babake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

“Lakini mwaka wa kwanza, hii nyumba tuliichukia.”

“Wewe uliichukia,” Min Akinyi akamkata. “Mimi nilikuwa natukanwa tu.”

Tulikaa barazani wakanisimulia, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza.

Kati ya jumba na ziwa kuna uwanja mpana wa nyasi fupi. Nilipouona ulikuwa mtupu, mbuzi watatu tu wanakula. Lakini uwanja huo, tangu zamani za bibi yake Min Akinyi, ndiko wanawake walikotandaza nyavu kuukuu na kuanika omena juani. Jumba lilipofunguliwa, upepo ule ule ulioitwa uingie upoze watu ulipita kwanza juu ya omena. Ukaingia na harufu yote. Makarani walifunga nafasi za juu kwa magunia. Magunia yakaleta joto, joto likaleta mafeni, mafeni yakamaliza umeme wa sola, na saa za jioni, wanafunzi walipokuja kusoma, taa hazikuwaka. Nyumba iliyochorwa ili isihitaji kitu ikawa inahitaji kila kitu. Karani mmoja akaandika kwamba wanawake waondolewe uwanjani.

“Tukamwambia omena ilikuwa hapa kabla ya meza yake,” alisema Min Akinyi. “Akasema sisi tunachafua jengo ya umma. Nikamuuliza, umma ni nani, kama si mimi?”

“Mambo yakawa moto kabisa,” alisema Odhiambo. “Mimi nikiwa katikati na funguo.”

Niliuliza, na nadhani hilo lilikuwa swali langu la kwanza tangu nifike: “Kwani aliyechora hakuona omena?”

Wote wawili walicheka, lakini si kwa ubaya.

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huweka taa juu ya maji, omena huufuata mwanga, na wavu huwainua. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea ziwa zima na omena hawaijali tena taa ya mtu. Kwa hiyo siku hizo wavuvi hupumzika, wanawake hushona nyavu na kwenda kuwaona ndugu zao, na uwanja hubaki na mbuzi. Msanifu aliyechora jumba alikuja kupima katika siku hizo. Alikaa siku mbili, akapima upepo, jua na mteremko, akakuta uwanja mtupu mbele ya ziwa, akafurahi.

“Sisi tulimwona,” alisema Min Akinyi. “Mimi mwenyewe nilimpa chai. Akauliza hii kiwanja ni ya nani. Nikamwambia ukweli, ni ya watu wote.”

“Hukumwambia mnaanika omena hapa?”

“Nyathina, mwanangu, nani hajui?”

Nilitazama tena uwanja na mbuzi wake. Nami nilikuwa nimefika mwezi ukiwa mkubwa. Kama hawangenisimulia, ningerudi Kegonga nikiwaambia watu kwamba mbele ya jumba lile tangu zamani ni malisho tu.

Walilimaliza jambo lile kwa njia rahisi. Walimwita msanifu tena, safari hii siku za giza, uwanja ukiwa umejaa. Alifika, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akakaa chini pamoja na wanawake, akacheka sana. Hakumlaumu mtu na wao hawakumlaumu. Walikaa naye siku nzima. Mwishoni walikubaliana kwamba wanawake wahamie upande wa mashariki ya jumba, ambako upepo wa ziwani ukipita hauelekei jengoni, na kwamba miti iliyobaki kwenye ujenzi itumike kutengeneza vichanja vya kuanikia, virefu hadi kiunoni. Tangi moja likafungiwa bomba upande huo ili wapate maji ya kuoshea. Magunia yakatolewa. Omena wa Min Akinyi sasa hawana mchanga, na hapo nikakumbuka kwamba Mama yangu aliwahi kushangaa sokoni kwamba wamekuwa safi siku hizi. Hatukujua kwamba jengo ndilo lililowasafisha.

Mchana huo nilikaa peke yangu barazani. Kitu kimoja hakikuniacha. Watu wote wa kamati yetu walikuwa wamezungumza kuhusu Baba: Marwa atakataa, Marwa atakasirika, Marwa ana matofali yake. Hata mimi nilikuwa nimekuja na hofu hiyo hiyo kifuani. Lakini sikukumbuka mtu hata mmoja aliyemuuliza anataka jumba la namna gani. Tulijua tu. Nani hajui?

Siku iliyofuata walikuwa wakifyatua matofali ya kuongezea vyoo, na Odhiambo akanipeleka kuona. Mashine ni ya chuma, ina mkono mrefu. Unajaza udongo mkavukavu, unafunika, unaning'inia kwenye ule mkono kwa uzito wako wote, kisha unainua na tofali linatoka limekamilika, lina kona kali kuliko zetu. Mara ya kwanza nilining'inia, miguu ikaacha ardhi na mkono haukushuka.

“Watu wa milima hamli samaki, ndiyo maana hamna uzito,” alisema Odhiambo.

Mara ya pili ulishuka. Nilishika udongo wao. Ni mwepesi na una changarawe, si kama wetu unaoshika vidole. Nikaona pia jambo ambalo jana lilinipita: chini kabisa, kuanzia msingi hadi usawa wa goti, ukuta wa jumba si wa udongo. Ni wa mawe. Niliuliza kwa nini. Fundi alisema maji ya mvua yakianguka chini huruka na kupiga miguu ya ukuta, na udongo haupendi kupigwa miguu.

Walinipa tofali moja niende nalo. Min Akinyi alilifunga kwenye leso kama mtoto, akaniongezea mfuko wa omena. “Hii ya Mama yako. Hiyo jiwe ya Baba yako. Usichanganye, wasije wakapika jiwe.”

Safari ya kurudi niliifanya nikilipakata tofali. Lilikuwa zito na sikutaka livunjike kona. Kuanzia Homa Bay hadi Rongo mwanamke aliyekaa karibu nami alinisogelea polepole, na mwishowe akauliza, “Mtoto amelala?” Nikamfunulia leso. Alitazama tofali, akanitazama mimi, akahamia kiti cha mbele nafasi ilipopatikana.

Alasiri nilifika nyumbani. Mawingu ya Kegonga yalikuwa yamekwisha kukusanyika kama kawaida yake, na Baba alikuwa akiongeza nyasi juu ya matofali yake mabichi. Hakuniuliza habari za safari. Aliona leso.

“Leta.”

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akalikwaruza kwa ukucha wake ambao ni mgumu kuliko wangu. Halafu akachukua kokoto akalikwaruza nayo. Alienda akaliweka chini kabisa ya ukingo wa paa letu, pale ambapo maji ya mabati huanguka, na mvua ikafika.

Mvua yetu inapoanza haibembelezi. Ilikuja na mawe. Tulikaa mlangoni, Baba na mimi, tukitazama maji yakilipiga lile tofali. Kelele za mabati zilikuwa kubwa, na labda ndiyo sababu niliweza kusema.

“Baba, wewe unataka jumba la namna gani?”

Alinigeukia kama aliyesikia jina lake likiitwa kanisani. “Nani amekutuma uniulize?”

“Hakuna.”

“Nataka jumba ambalo nikipita nitasema, nililijenga mimi,” alisema. “Hilo tu. Kuchoma si raha, Robi. Nani anapenda moshi? Unafikiri mimi nachota maji wapi?” Akaonyesha kwa kidevu upande wa chemchemi. “Lakini kila mtu alikuja hapa akiwa na jibu langu mdomoni.”

Nikamwambia habari za omena na mwezi. Alicheka hadi akakohoa.

Mvua ilipoisha tulienda kulitazama tofali. Upande wa juu, pale matone yalipopiga moja kwa moja, kona ilikuwa imelika kidogo. Kwingine kote lilikuwa zima. Baba alipitisha kidole pale palipolika.

“Huyu hapendi kupigwa,” alisema.

“Kule wameweka mawe chini, hadi goti.”

“Mawe ya kujengea sisi hatuna. Lakini nina matofali niliyochoma msimu uliopita, yale yaliyobaki kwa mteja aliyekimbia.” Alihesabu kichwani. “Hadi goti yatatosha.”

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja chenyewe, watu wamekaa kwenye nyasi, kama iritongo, lile baraza letu la Wakuria ambalo kila apitaye huweza kusimama na kusikiliza. Mama Bhoke aliniita mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Rodi Kopany, na yote yalitoroka. Yaliyobaki ni machache.

“Ukuta ni mzuri. Nimeukwaruza. Ndani kuna baridi bila mashine,” nilisema. “Lakini kule walijenga kabla ya kuwauliza wanaotumia mahali, na ikawasumbua mwaka mzima. Sisi hatujamuuliza Baba.”

“Marwa!” mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. “Umemleta binti akupigie debe?”

Watu wakacheka. Nikaketi haraka. Baba akasimama, tofali kwapani.

“Hili lilinyeshewa mvua ya mawe chini ya paa langu,” alisema. “Kila mtu alishike, kisha alipitishe.”

Tofali likatembea. Niliwaona wanaume waliosema habari za nyumba ya mbuzi wakilikwaruza kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, na kulipitisha kwa jirani. Baba akaeleza: chini hadi goti matofali yake yaliyokwisha chomwa, juu haya. Udongo wetu ni mzito, utahitaji kuchanganywa na changarawe ya pale mlimani, na paa litoke mbele zaidi kuliko la ziwani kwa sababu mvua yetu huja kwa ubavu. “Na mashine hiyo,” alisema, “nataka niwe mimi ninayeishika.”

“Na matofali yako mabichi?” aliuliza Mama Bhoke. “Yale yote ya nyuma ya nyumba?”

“Tofali ambalo halijaona moto bado ni udongo,” Baba alijibu. “Linaweza kubadili nia.”

Wakakubaliana. Baada ya hapo kila mtu akawa na la kusema kuhusu kiwanja. Mzee mmoja alitaka ukumbi uwe wazi upande wa barabara, apitaye asikie kama tunavyosikia hapa. Wanawake walikumbusha kwamba baada ya mavuno wao huanika mahindi upande wa jua, na kwamba jumba likisogezwa hatua chache tu kuelekea juu, kivuli hakitawafikia. Mama Bhoke aliwaomba wale watu wa ujenzi warudi na mchoro, na waje wakati wa mavuno.

Nimeandika haya kwa sababu wengi hawakunisikia siku ile, nilisema kwa sauti ndogo. Kama mtaniuliza nilijifunza nini ziwani, nitasema kwamba upepo, jua na mvua mtu anaweza kuvipima kwa siku mbili, ila watu lazima awangoje wawepo, kisha awaulize hata yale anayodhani anayajua. Nilienda mbali kujifunza hilo, na mtu wa kwanza niliyepaswa kumuuliza alikuwa nyuma ya nyumba yetu, anafunika matofali.

Wiki hii tunavunja yale mabichi. Baba anapiga kwa jembe, mimi ninachekecha, na udongo unarudi kuwa udongo. Jana, tulipokuwa tumepumzika, alinituma maji chemchemini. Nilichota, nikaosha uso, nikaketi kidogo chini ya mti wangu kabla ya kurudi kazini.